Kumlisha Dorkasi

Eliamini alimkuta mke wake amechuchumaa katikati ya matuta, anafanya kazi kwa utulivu uleule aliomjua nao tangu walipooana. Maharage yalikuwa yameshachipua, na alikuwa amemtuma Dorkasi atangulie kupalilia wakati yeye anashughulika na kahawa. Aliposogea ndipo alipoona. Dorkasi alikuwa anang'oa miche ya maharage, mmoja mmoja, anaikung'uta udongo, anailaza kando kwa mafungu mazuri. Magugu aliyaacha yamesimama. Upande wote wa mferejini ulikuwa umebaki magugu matupu.

Alimfokea. Hakuwa mtu wa kufoka, lakini maharage yale ndiyo yaliyokuwa chakula chao mpaka masika mengine. Dorkasi akainua uso, akaitazama miche mkononi mwake, akayatazama matuta, halafu akamuuliza taratibu ni nani aliyewafanyia uovu ule.

Eliamini akaona hafanyi mzaha, wala hadanganyi. Macho yake yalijaa machozi ya mtu aliyekuta shamba lake limeharibiwa na jirani. Akamshika mkono, wakarudi nyumbani, na njiani yote Eliamini alikuwa anahesabu mambo aliyokuwa ameyapuuza.

Aliyakumbuka mengi. Kwanza mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa, Dorkasi alikwenda gulioni Makanya na mkungu wa ndizi kichwani, akapotea njia ya kurudi. Njia ile aliishuka na kuipanda tangu akiwa msichana, kwa maana kwao ni hukohuko Makanya, na huku Vudee mlimani alikuja kwa kuolewa. Watu walimwokota chini ya korongo, ameketi na kapu lake, akasema alikuwa anapumzika. Baadaye makande yakawa yanatiwa chumvi mara mbili, au yasitiwe kabisa. Halafu yakaja maswali. Alikuwa anauliza kama ng'ombe amenyweshwa, anajibiwa, anatulia, anauliza tena. Kanga zake alizificha mwenyewe, akamtuhumu Eliamini kwamba anampelekea mwanamke mwingine. Na hakuwa mzee. Nywele zake zilikuwa bado nyeusi, na mama yake Eliamini, aliyekufa na miaka mingi kuliko mtu yeyote pale mlimani, alikuwa amekufa anawajua wajukuu wake wote kwa majina.

Majirani walianza kunong'ona. Chiku, aliyekuwa anateka maji nao kisima kimoja, alimwambia Eliamini waziwazi kwamba mambo kama yale hayaji yenyewe, yanatumwa. Mchungaji akaja kuomba, akaomba kwa muda mrefu, na Dorkasi akaitikia amina mahali pote panapostahili, hata watu wakafikiri amepona. Asubuhi yake alivaa gauni kinyume akatoka kwenda kuchota maji bila ndoo. Eliamini, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, alikwenda kwa siri mpaka kwa mganga upande wa pili wa mlima. Mbuzi alichinjwa, Dorkasi akafukizwa moshi chini ya blanketi, akakohoa na kulia akimwita mama yake. Hilo lilimuuma Eliamini kuliko yote, akaapa hatamrudisha pale.

Ndipo alipomchukua kwenda Same. Waliteremka mpaka Makanya wakapanda gari moshi. Dorkasi alifurahia safari kama mtoto, akawapungia mkono wafyeka mikonge. Hospitalini walimkuta daktari Mzungu, mtu mzima mwenye sauti ya chini, anayekijua Kiswahili kwa kukisoma. Alimpima Dorkasi macho, akamgonga magoti, akamtaka anyanyue mikono. Akamwonyesha funguo, akamuuliza ni nini. Dorkasi alizigeuzageuza akasema ni za mwenyewe. Akamwambia achore duara. Dorkasi akaishika kalamu kama mwiko, akaanza kukoroga hewa.

Daktari alimtoa Dorkasi akae na nesi, akamkalisha Eliamini mbele yake. Akamwambia kwamba ugonjwa ule si uchawi wala si wazimu wa kawaida, wala hautokani na kosa la mtu. Mjerumani mmoja aliueleza zamani, kabla ya vita vya kwanza, naye aliuona kwa mwanamke wa umri kama wa Dorkasi. Ubongo wenyewe unasinyaa, alisema, kidogo kidogo, kama ardhi inavyomegwa kando ya korongo.

Eliamini aliuliza dawa yake.

"Hakuna," daktari akasema. "Sitakudanganya. Hapa hakuna, na kwetu Ulaya hakuna."

"Basi ataendelea kusahau tu?"

Daktari alikuwa anatafuta maneno, na Eliamini hakujua kama anayakosa kwa sababu ya Kiswahili au kwa sababu ya habari yenyewe.

"Watu wanafikiri ni kusahau majina," akasema. "Lakini mguu hauinuki wenyewe, bwana. Ubongo ndio unaouamuru. Mkono vilevile, na kibofu, na koo. Leo amesahau funguo. Kesho atasahau namna ya kutembea. Mwisho atasahau kumeza. Ukifika hapo, umkalishe wima, kidevu kiiname, umpe uji mzito, kidogo kidogo, usubiri ameze. Asilishwe amelala hata mara moja. Chakula kikishuka njia ya pumzi, kitaingia mapafuni, naye atakufa kwa mapafu."

Eliamini aliuliza itachukua muda gani. Daktari akajibu kwamba hajui, labda miaka. Akampa mkono, jambo ambalo Mzungu mwingine hakuwahi kumfanyia, na Eliamini akajua kwa mkono ule kwamba hakuna la zaidi.

Miaka ilikwenda kama daktari alivyosema, ila haikwenda kwa mstari. Kulikuwa na siku Dorkasi aliamka akafagia uwanja wote, akacheka, akamwita Baba Susana, na Eliamini akaanza kufikiri kwamba yule daktari alikosea. Kesho yake anamkuta amesimama mbele ya mlango, hajui kizingiti kinavukwaje. Miguu ilianza kuburuta. Hatua zikawa fupi, kama za mtu anayetembea juu ya matope, na kila akianguka alianguka kama mti, bila kutanguliza mikono. Kiswahili kilimtoka kwanza, kikabaki Chasu, lugha ya nyumbani ya Wapare, nacho kikabaki maneno machache, kisha sauti tu. Mwili uliokuwa unabeba mkungu wa ndizi mpaka gulioni ukakonda, ingawa alikuwa anakula. Viganja vilikunjika vikabana, ikambidi Eliamini amwekee kitambaa ndani ya ngumi kucha zisimchome nyama.

Akaanza kujikojolea. Eliamini alimwosha mwenyewe, akafua nguo zake mwenyewe mtoni, mahali wanawake wanapofulia. Siku ya kwanza walimchekea pembeni. Baadaye waliacha kucheka, wakawa wanamwachia jiwe lake na kunyamaza anapofika, na kunyamaza kule kulikuwa kuzito kuliko kicheko. Wazee wenzake walimshauri aoe mwanamke wa kumsaidia. Mchungaji akamwonya kwamba akioa na mkewe yu hai atatengwa na meza ya Bwana. Eliamini aliwasikiliza wote akarudi jikoni kukoroga uji.

Binti yao, Susana, alikuwa ameolewa mbali, Kwakoa, karibu na Ziwa Jipe. Alikuja na mtoto mgongoni akakaa mwezi mzima. Alimwogesha mama yake, akamsuka, akamwimbia. Mama yake akamtazama siku moja akamwita mama, akamwomba asimpige. Susana alitoka nje akalia nyuma ya zizi. Alipoondoka alimpigia baba yake magoti, akasema, "Baba, nisamehe, kule nina watoto na mume." Eliamini akamwambia hana kosa, aende. Alimaanisha. Lakini alipomwona anapotelea kwenye bonde alitamani kukimbia amrudishe kwa nguvu.

Kulisha ndiko kulikommaliza. Mwanzoni Dorkasi alikuwa anafungua kinywa akiona kijiko. Baadaye kijiko kikawa kitu asichokijua, na midomo ikabaki imefumba. Eliamini alijifunza kumgusa shavu, kumgusa mdomo wa chini kwa kidole chenye uji, kusubiri. Uji ukiingia ulikaa. Unakaa shavuni mpaka unapoa, koo limetulia kama limelala, yeye Eliamini ameinamisha kichwa chake mwenyewe, anameza mate yake mwenyewe, kama ndege anayefundisha makinda yake kula, anangoja ile kokwa ya koo iinuke na kushuka. Ikishuka, anachota kingine. Bakuli dogo lilikula asubuhi nzima. Akimaliza, jua limeshapanda, kahawa haijachumwa, ng'ombe analia zizini, na baada ya muda mfupi bakuli lingine linatakiwa. Wakati mwingine Dorkasi alipaliwa, uso ukabadilika rangi, Eliamini akampigapiga mgongo huku anamwomba Mungu, na akipata pumzi anamshukuru Mungu, na ndani kabisa, mahali ambapo hakutaka kutazama, anasikia kitu kama masikitiko kwamba amepata pumzi.

Kuna siku alimpiga. Mvua zilikuwa zimezidi, kuni mbichi, moshi umejaa nyumba. Alikuwa ameshamkalisha, ameshampangusa, ameshasubiri, na uji wa kijiko cha kwanza ulikuwa bado shavuni. Akaingiza kidole kuutoa ili usimpalie. Dorkasi akauma. Aliuma kwa nguvu ambazo Eliamini hakudhani bado anazo, hakuachia, na mkono wa Eliamini wa pili ukapanda wenyewe ukamzaba kofi. Taya likalegea. Dorkasi hakulia. Alitazama mbele vilevile, uji unamtiririka kidevuni, na shavu likaanza kuvimba chini ya jicho.

Eliamini aliketi sakafuni. Akamwambia, "Dorkasi, mimi nimeshindwa." Hakuwa amewahi kusema neno lile kwa mtu. Alilisema kwa mtu ambaye hakuweza kulisikia, na bado aliona haya.

Alama ilikuwa haijapotea Gideoni alipokuja. Gideoni alikuwa kaka yake Dorkasi, mkubwa wake kwa tumbo moja, msimamizi wa vibarua wa reli pale Makanya, mtu wa kofia na maneno machache. Alikuwa haji mara kwa mara. Alisema kumwona dada yake vile kunamnyima usingizi. Safari ile alikuja na vijana wanne na machela. Mtu wa Vudee alikuwa ameshuka gulioni akamwambia kwamba dada yake anakufa njaa.

Aliingia ndani, akachuchumaa mbele ya Dorkasi, akamshika mkono uliokunjika. Akapima kifundo cha mkono kwa vidole vyake viwili, vikapishana. Akaliona shavu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Umempiga."

"Nimempiga," Eliamini akasema.

Gideoni aliitika kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokijia. Akawaita vijana. Eliamini alikuwa na haki ya kukataa. Alikuwa mume, wa ndoa ya kanisani, na majirani wangemsimamia. Alifungua kinywa akataze. Lililotoka ni maelezo ya uji. Alimweleza Gideoni habari ya kumkalisha wima, kidevu kuinama, kusubiri, kutazama koo. Alieleza haraka haraka, akarudia, akasema daktari wa Same ndiye aliyesema asilishwe amelala hata mara moja.

"Shemeji," Gideoni akamkata, "huyu tulimlisha sisi kabla wewe hujamjua. Dada yangu hafundishwi kumeza."

Wakamlaza kwenye machela, wakamfunika. Eliamini aliwasindikiza mpaka mwisho wa migomba yake akasimama hapo. Dorkasi alikuwa anatazama mbingu. Machela yalipoinama kwenye mteremko wa kwanza, Eliamini aliyaona yanakwenda, akajua kabisa kwamba yule kaka hakusikia neno hata moja. Angeweza kuwafuata. Ilikuwa ni kushuka tu nao, akae Makanya, amlishe mwenyewe mbele ya macho yao. Aliliona wazo lile likipita, likiwa zima na rahisi, na miguu yake haikuondoka.

Alirudi ndani akajilaza, na usingizi ukamchukua hapohapo, usingizi wa mtu aliyetolewa gerezani. Siku zilizofuata alichuma kahawa. Alikula chakula cha moto, mpaka mwisho, bila kuinuka. Chiku alimletea mtindi, akamwambia uso wake umenawiri. Eliamini akashukuru, na alipobaki peke yake alijishika uso huo akauonea kichefuchefu. Kila jioni alijiambia kesho atashuka kwenda kumwona. Kila asubuhi aliona kahawa inaanguka.

Aliyemfuata alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikataa kuketi. Alisema Mama Susana anawaka homa, anapumua kwa kelele, na bwana Gideoni anaomba aje.

Eliamini aliteremka mlima ule akikimbia mahali ambapo mtu mzima hakimbii. Alipofika Makanya alimsikia Dorkasi kabla ya kumwona. Pumzi yake ilikuwa inachemka, kama mtu anayevuta tumbaku kwa kiko cha maji. Walikuwa wamemlaza chali kwenye kitanda kizuri chenye godoro, chumba kimefagiliwa, shuka nyeupe. Alikuwa amevalishwa gauni jipya. Hakuwahi kumwona msafi hivyo tangu alipoacha kujiosha mwenyewe, na hilo nalo lilimchoma.

Alipanda kitandani, akaketi nyuma yake, akamwinua akamwegemeza kifuani mwake ili pumzi ipate njia. Mgongo wake ulikuwa moto kama jiko. Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa ameshapita, akamchoma sindano ya penisilini, akasema atarudi, akatikisa kichwa mlangoni.

Ernesta, mke wa Gideoni, alisimama pembeni anakunja na kukunjua kitambaa. Akaanza kusimulia bila kuulizwa. Alisema mgonjwa alikula vizuri mno tangu afike. Walimlaza wakamwekea mto mdogo, wakamminia uji mwepesi kwa kikombe, akanywa kikombe kizima, wakafurahi, Gideoni akasema mnaona, kule alikuwa anafanyiwa nini. Akakohoa kidogo tu. Siku ya pili vilevile. Kisha homa.

Akatazama mlangoni. Baadaye akauliza, kwa sauti ambayo Gideoni aliyekuwa barazani asingeisikia, "Shemeji, ni ule uji?"

Eliamini alikuwa ameweka kidevu juu ya kichwa cha mke wake. Maneno yote alikuwa nayo. Alikuwa ameyabeba mlima mzima akishuka, maneno juu ya mwanamke huyu na mumewe mwenye kofia, na alipanga namna atakavyoyasema wayasikie mpaka kufa kwao. Akamtazama Ernesta. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya kufulia shuka.

"Daktari alisema tutafika hapa," akamjibu. "Kwangu au kwenu."

Ernesta akamtazama kwa muda, akatoka. Eliamini hakujua kama amemsamehe au amejisamehe mwenyewe kupitia kwake, na lile la pili lilimtisha. Alibaki amemkumbatia Dorkasi. Aliendelea kumeza mate yake mwenyewe, kwa mazoea, kama alivyokuwa akifanya wakati wa uji. Mchana ulipita. Sauti ya kifuani ilizidi, ikapungua, ikawa mbali mbali, na jua lilipoingia kwa dirisha la magharibi akatambua kwamba kwa muda mrefu alikuwa anasikia pumzi yake mwenyewe peke yake.

Hakulia pale. Alimlaza, akanyoosha miguu, akajaribu kufungua viganja vilivyokunjika ili avilaze kifuani. Vilifunguka vyenyewe, bila taabu.

Gideoni alitaka azikwe Makanya, kwa baba yake. Eliamini alimwomba mara moja tu wampandishe Vudee, naye hakubisha. Alikuwa amezeeka kwa siku ile. Kesho yake mapema vijana walichukua machela, wakapokezana, ila Gideoni alishika mti wa mbele kulia na hakukubali kupokelewa. Shati lilimlowa, pumzi ikamkata, kijana akimwambia apumzike alikuwa hamjibu. Eliamini alishika mti wa kushoto. Walipanda hivyo bega kwa bega, hawatazamani, mpaka wakaanza kuona migomba ya kwanza, na watu wanaosubiri njiani.

Hapo Gideoni akasema, macho yake yakiwa mbele, "Hiyo miaka yote. Alikuwa ananitaja?"

Eliamini alivuta hatua kadhaa.

"Alikuwa akiniita mimi Gideoni," akasema. "Mwaka mzima, kabla sauti haijakatika. Hakukumbuka kwamba aliolewa."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilikuwa naitika."

Baada ya hatua chache mabega ya Gideoni yakaanza kutikisika, na machela yakatikisika nayo. Wanawake waliosubiri walipoyaona yanakuja yanayumba wakaanza kulia kwa sauti. Eliamini akakaza mkono wake kwenye mti, akajaribu kuyashika yasiinamie upande mmoja, akaendelea kupanda.